Ulimi wa Kuazima

Mwaka ule Sista Hedwig alipopata barua ya kuitwa arudi kwao Ujerumani, Raheli binti Sefania alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na mdomoni mwake hamkuwa na ladha ya kitu chochote. Ungempa asali, ungempa chumvi, ungempa kwinini, kwake yote yalikuwa mamoja. Jambo hilo alilijua peke yake, naye alikuwa ameazimia lisijulikane na mtu, maana kazi yake ilikuwa kuonja.

Raheli alitengeneza jibini. Mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lushoto mjini, misheni ilikuwa na zizi la ng'ombe wa kizungu na nyumba ndefu ya mawe iliyojengwa ubavuni mwa mlima, nusu yake imezama ardhini ili ishike baridi. Humo ndimo Sista Hedwig alimfundisha kazi tangu akiwa msichana wa miaka kumi na saba: kupasha maziwa moto bila kuyachemsha, kutia dawa ya kugandisha, kukata yaliyoganda, kukamua maji, kutia chumvi, kisha kuyapanga majibini juu ya mbao za chumba cha kuivishia na kuyageuza na kuyafuta kila siku, mengine miezi miwili, mengine minane. Lakini mwisho wa yote hayo ni ulimi. Unalichoma jibini kwa kijichuma chenye mfereji, unatoa kipande mfano wa kalamu, unakata ncha yake na kuiweka mdomoni. Hapo ndipo unapojua kama hili liende hotelini, hili lingoje, na hili wapewe nguruwe. Kwa Washambaa wengi jibini lilikuwa chakula cha Wazungu chenye kunuka miguu. Raheli alilipenda. Alikuwa akisema kwamba jibini zuri linakuambia ng'ombe alikula nini wiki ile.

Ugonjwa ulimjia baada ya masika ya mwaka sitini na tisa, tena bila sababu ya kuionyesha kwa kidole. Hakufiwa. Hakugombana na mtu. Mumewe Rubeni, fundi seremala wa misheni, hakuwa mlevi wala mpigaji, na watoto wao wanne walikuwa wazima. Ila mwili ulianza kuwa mzito, kama mtu aliyevaa blanketi lililolowa mvua na hana ruhusa ya kulivua. Akawa anaamka na kukaa kitandani akitazama viatu vyake, asijue aanze na kipi. Akawa anasahau kula, na akikumbushwa, analia. Siku moja aliingia chumba cha kuivishia asubuhi kugeuza majibini, akafunga mlango, akakaa chini akauelekea ukuta. Saa saba mchana Selina, mama mjane aliyefanya kazi pamoja naye, alimkuta bado amekaa vile vile, kitambaa kikavu mkononi.

"Unafanya nini humu, mdogo wangu?" Selina aliuliza.

"Nangoja," alijibu Raheli.

"Unangoja nini?"

Hakujua. Selina alimfunika kwa shuka lake akaenda kumwita Sista.

Sista Hedwig hakusema maneno mengi. Alimpakia kwenye gari akampeleka hospitali ya misheni, kwa Daktari Vogel, Mjerumani mrefu aliyejifunza Kiswahili Tanga na kukisema kwa lafudhi ya pwani kuliko Washambaa wenyewe. Daktari alimwuliza maswali kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, huu ni ugonjwa wa huzuni. Si uchawi, si uvivu, wala si dhambi. Ni maradhi kama malaria, ila yamekaa mahali pengine. Dawa yake ipo." Akampa vidonge vya rangi ya matofali, jina lake imipramini, akamwambia asikate tamaa kabla ya wiki tatu.

Vidonge vilifanya kazi. Hilo Raheli hakulikana kamwe. Wiki ya nne aliamka, akavaa viatu, akawasha moto, na alipokuwa akikoroga uji ndipo akashtuka kwamba hajajilazimisha hata kidogo. Lakini dawa ile haikuja mikono mitupu. Mdomo ulimkauka, mate yakapotea, ulimi ukamganda kwenye kaakaa. Choo kilimfunga siku nne, siku tano. Jasho lilimtiririka kichwani hata asubuhi za Juni ambapo wenzake walijitanda mablanketi. Mistari midogo ya kipimajoto ilimchezea machoni, ikawa lazima akisogeze mbali kama bibi kizee anayesoma barua. Na ladha, ambayo ndiyo riziki yake, ilikwenda na mate.

Mwaka mzima alifanya kazi kwa pua, kwa vidole na kwa kubahatisha. Akiligonga jibini kwa kifundo cha kidole alisikia kama lina uwazi ndani. Akilibonyeza alijua maji yaliyobaki. Lakini uchungu hauna sauti. Septemba ya mwaka sabini hoteli moja mjini ilirudisha majibini kumi na mawili, na barua juu yake: machungu kama shubiri. Sista aliyaonja, akamtazama Raheli, akauliza, "Haya uliyaonja?"

"Niliyaonja, Sista."

"Basi labda nimeanza kuzeeka, nimekufundisha vibaya," alisema Sista. Maneno hayo yalimchoma Raheli kuliko ambavyo kofi lingemchoma.

Barua ya kumwita Sista nyumbani ilifika mwezi ule ule. Misheni ilikuwa imekubaliana na serikali kwamba nyumba ya jibini isiwe tena mali ya kanisa. Itakuwa ya chama cha ushirika cha wafugaji arobaini waliozunguka pale, na mkuu wake awe mwananchi. Jina lililoandikwa lilikuwa la Raheli. Mwenyekiti wa chama, Mzee Timotheo, alikuja hadi nyumbani kumpa mkono. Rubeni alichinja kuku. Raheli alimtafuna bila kujua kama ametiwa chumvi.

Jumatatu iliyofuata alirudi kwa Daktari Vogel. "Nibadilishie," alisema. "Dawa hii imeniinua, lakini imeniziba mdomo. Mimi bila ulimi si mtu wa kazi ile."

Daktari alivuta kiti karibu. Alimwambia kwamba dawa za huzuni ziko za ukoo zaidi ya mmoja. Ndugu za hii anayokunywa wangemkausha vile vile, kwa hiyo hapakuwa na faida ya kwenda kwao. Uko ukoo mwingine, unaofanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Kidonge chake kinaitwa fenelzini. Hakikaushi mdomo sana. "Lakini kina masharti," alisema. "Kwanza lazima ukae siku kumi na nne bila dawa yoyote, maana hizi mbili zikikutana mwilini zinapigana, na uwanja wa vita ni wewe. Pili, kuna hii."

Akampa karatasi iliyopigwa taipu. Raheli aliisogeza mbali na macho akaisoma polepole. Asinywe pombe ya kuchachuka, boha la miwa wala mvinyo. Asile maini yaliyolala, wala nyama iliyokaushwa. Asimeze dawa ya mafua bila kuuliza. Na juu ya yote hayo, mstari wa kwanza kabisa, uliopigiwa mstari kwa wino mwekundu: asile jibini lililoiva, la aina yoyote.

Alidhani amesoma vibaya. Akaisoma tena.

"Jibini bichi la siku ile ile halina neno," alisema daktari. "Maziwa hayana neno. Ila likishakaa likaiva, ndani yake hujijenga kitu ambacho mwili wa kawaida hukiharibu wenyewe. Dawa hii inauzuia mwili kukiharibu. Ukila, presha itapanda ghafla. Kichwa kitakuuma nyuma hapa kama kimepigwa shoka. Mshipa unaweza kupasuka."

"Hata kipande kidogo?"

"Hata cha ukubwa wa ukucha sikuruhusu. Mama Raheli, ningekuwa ndugu yako ningekushauri utafute kazi nyingine."

"Kazi gani?" aliuliza Raheli. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kweli kujua. Daktari aliinama kuandika cheti cha dawa, na yeye aliikunja ile karatasi mara nne akaitia kifuani.

Zile siku kumi na nne sitazieleza sana. Siku ya sita blanketi la mvua lilirudi mabegani. Siku ya tisa hakuamka. Rubeni alimwambia Sista kwamba ni homa ya matumbo, akampikia uji, akamlisha kwa kijiko, na akitoka nje alisimama nyuma ya banda la mbao mpaka macho yakauke. Siku ya kumi na tano Raheli alimeza kidonge cha kwanza cha fenelzini. Januari ilipoanza, mtoto wake mdogo alimletea matunda damu, yale mekundu yenye maji mengi, kutoka bondeni, akauma moja, na uchachu ukamruka masikioni. Alicheka peke yake jikoni. Akala mengine saba, maji yakimchuruzika kidevuni. Miguu ilikuwa imemvimba, na akisimama ghafla dunia ilizunguka hata ashike ukuta, lakini ulimi ulikuwa umerudi, na moyo pia. Vyote viwili vilirudi pamoja, akakatazwa kile kimoja tu ambacho kwa ajili yake alivihitaji.

Habari ya dawa mpya na sharti lake hakumwambia Sista. Angesemaje? Mkutano wa chama ulikuwa umekwisha kumpitisha, na watu waliolalamika kwamba mwanamke hawezi walikuwa wametulizwa kwa shida. Wakisikia kwamba anakunywa dawa za kichwa, nani angengoja kuelezwa tofauti ya huzuni na kichaa? Sista Hedwig aliondoka mwezi wa tatu. Alimkabidhi funguo, akamwachia kijichuma chake cha kuchomea, akapanda basi la Mombo bila kugeuka nyuma. Raheli alirudi ndani, akasimama katikati ya mbao zenye majibini mia mbili na zaidi, kila moja likimngoja.

Alianza kuonja kwa uongo. Alikata ncha, akaiweka mdomoni, akaizungusha, kisha akainama penye mfereji wa maji machafu akaitema na kusukutua. Hata hivyo mara mbili alisikia kichwa kikigonga nyuma, akakaa chini akihesabu pumzi. Akaona huku ni kucheza na moto kwenye nyumba ya nyasi. Ndipo alipomwita Selina.

"Dada, nataka nikufundishe kuonja."

Selina alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Hakujua kusoma, na miaka yote ile kazi yake ilikuwa kuosha vyombo na kufuta majibini. Alimtazama Raheli kwa jicho la kando. "Mimi? Na wewe je?"

"Mtu mmoja akiugua, kazi isilale."

Wakaanza. Shida ilikuwa maneno. Sista alikuwa na maneno yake ya Kijerumani, lakini hayo Selina hakuyajua, na Kiswahili hakikuwa nayo. Kwa hiyo waliyatunga. Selina aliweka kipande mdomoni, akafumba macho, akasema, "Hili lina zizi." Au, "Hili lina karanga mbichi." Au, "Hili linauma pembeni mwa ulimi kama kulamba kisu." Raheli alisikiliza, akaligonga, akalinusa, akalibonyeza, akayaunganisha yote kichwani, akatoa hukumu. Ikawa mmoja ana ulimi na mwingine ana akili ya ulimi ule. Hoteli hazikurudisha kitu tena. Lakini kila Selina alipotafuna, Raheli alimeza mate. Kulikuwa na siku alitoka nje akaegemea ukuta wa mawe, huku harufu ya jibini ikimfuata mlangoni kama mtoto aliyekatazwa kuja.

Mambo yakaenda hivyo hadi mwezi wa sita mwaka sabini na moja. Chama kilitaka jibini lake lionyeshwe kwenye sherehe za Saba Saba kule Tanga, na kwa ajili hiyo Bwana Mifugo wa Mkoa alipanda milima kulikagua. Jina lake Abdallah, mtu wa Tanga, mpole, mwenye kofia safi iliyotariziwa na viatu visivyozoea matope. Alikuja na watu wa ofisi ya wilaya, na kamati yote ya chama ilikuwapo, jumla watu kumi na wanane wamejibana ndani ya nyumba ya mawe. Raheli aliwatembeza. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua.

"Hii dawa ya kugandisha, mama, inatoka wapi?" aliuliza Bwana Abdallah.

"Tumboni mwa ndama, bwana."

"Na ndama kachinjwa na nani?"

"Na Issa, mchinjaji wa Soni. Tulibadilisha tangu ushirika ulipoanza, kwa sababu wanachama wetu nusu ni Waislamu."

Bwana Abdallah alitabasamu, akaridhika. Mzee Timotheo, kwa fahari, akaamuru lishushwe jibini la miezi minane, lile kubwa kuliko yote. Selina alilikata, vipande vikapangwa kwenye sinia. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wengi wao hawajapata kulila, na harufu yake ilikuwa imejaa chumba. Bwana Abdallah akacheka kidogo. "Kwetu mwenyeji huonja kwanza, ndipo mgeni hula kwa amani. Karibu, mama, tufungulie."

"Nitaonja mimi," alisema Selina haraka, mkono umekwisha fika kwenye sinia.

"Wewe ni mkono wake," alisema mmoja wa kamati. "Mwenye nyumba ndiye aonje. Au analiogopa?"

Watu wakacheka. Raheli alilitazama lile sinia. Angeweza kusema, "Mimi ni mgonjwa." Maneno matatu. Lakini baada ya hayo matatu yangekuja mengine: mgonjwa wa nini, tangu lini, unakunywa dawa gani, kumbe siku zote. Macho ya watu kumi na wanane yalikuwa yamemzunguka kama boma, na mlango ulikuwa nyuma yao. Hakupata hata mahali pa kutemea. Alichukua kipande kidogo kuliko vyote, akakitia mdomoni.

Ladha ilimjia kama mtu aliyempenda na kutengana naye miaka miwili. Karanga, majani makavu, chumvi, na mwishoni utamu mdogo wa maziwa ya Oktoba. Machozi yalimlengalenga. Alimeza.

"Bismillahi," alisema Bwana Abdallah, akala. Wengine wakafuata.

Haikupita nusu saa. Mzee Timotheo alikuwa akihutubia habari za kujitegemea, Raheli amesimama kando yake, alipohisi moyo umeanza kukimbia kama unataka kutoka. Kisha kisogo kikapasuka kwa maumivu ambayo hakuwahi kuyajua hata kwenye uzazi. Shingo ikakaza. Alitapika mbele ya wageni, akaanguka. Selina alimdaka kichwa kisipige jiwe.

Bwana Abdallah hakupoteza muda. Alimpakia kwenye Land Rover yake mwenyewe, Selina nyuma amemshika, wakateremka zile kona hadi hospitali. Daktari Vogel alimpima presha, akaiangalia mashine, akaipima tena. Alimchoma sindano, akaketi kitini kando ya kitanda hadi jioni, akipima kila baada ya dakika kumi. Hakumgombeza. Alipoona imeshuka alisema tu, "Umebahatika, mama," akainuka, goti likalia.

Lakini huko juu mambo yalikuwa mengine. Watu walikuwa wameona kwa macho yao: mwenyeji kaonja, mwenyeji kaanguka. Mjumbe mmoja wa kamati alijitia vidole kooni akatapika nyuma ya zizi. Wawili walikunywa maziwa mabichi lita nzima nzima. Neno sumu lilitamkwa kabla Land Rover haijafika Soni. Na nani alilikata jibini? Selina. Nani aliyerukwa katika ukuu, ingawa ni mkubwa kwa umri? Selina. Nani alitaka kuonja badala ya Raheli? Hapo watu walikwama kidogo, lakini wakasema alijua kipande kipi ni salama. Polisi walimchukua hospitalini akiwa bado na matapishi ya Raheli kwenye kanga. Nyumba ya jibini ikafungwa kwa kufuli na karatasi ya muhuri, sampuli zikapelekwa Dar es Salaam kupimwa, na kila asubuhi wafugaji arobaini walimwaga maziwa mtaroni kwa kuwa hapakuwa na pa kuyapeleka.

Habari hizi Rubeni alimletea mkewe siku ya tatu, pamoja na ndizi za kuchemsha. Raheli alikaa kitandani wima, akashika ukuta dunia itulie.

"Dada Selina yuko wapi sasa?"

"Lushoto. Wanamhoji. Watamwachia tu, majibu yakirudi."

"Yatarudi lini?"

"Wanasema wiki tatu. Labda sita."

"Nitakwenda kusema."

Rubeni aliweka bakuli chini. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hata sasa hakuipandisha. "Mama Abrahamu, nisikilize. Majibu yatasema hakuna sumu. Litaisha lenyewe. Ukisimama ukasema unakunywa dawa za akili, hilo halitaisha. Tuna mabinti wawili. Nani atakuja kuposa nyumba ambayo mama yake ametangaza ugonjwa wa kichwa kwa mdomo wake mwenyewe? Nimeficha miaka miwili. Sikuficha kwa aibu, nimeficha kwa sababu nawajua watu."

"Na yeye je, akae ndani kwa ajili ya ulimi wangu?"

Rubeni aliinamia bakuli. Alichukua ndizi moja akaanza kuimenya, ingawa zote zilikuwa zimekwisha menywa, akaona alichokifanya akairudisha bakulini.

Mkutano uliitishwa Jumamosi katika darasa la shule. Raheli alikwenda kwa miguu yake, Rubeni kando yake, kwani pamoja na yote hakumwacha aende peke yake. Bwana Abdallah alikuwapo na askari mmoja. Raheli alitoa ile karatasi yenye mikunjo minne. Alikuwa amepanga maneno mengi, lakini aliposimama yalimkimbia, akaisoma tu karatasi kuanzia juu hadi chini, boha, mvinyo, maini yaliyolala, na ule mstari mwekundu. Kisha akasema, "Jibini halina sumu. Nyote mmelila, mko hapa. Mimi nina ugonjwa wa huzuni tangu mwaka sitini na tisa, na dawa inayoniweka wima haipatani na jibini lililoiva. Nilijua. Nilikula kwa sababu niliona aibu kusema. Dada Selina hana kosa. Yeye ndiye amekuwa akionja badala yangu tangu Sista aondoke."

Mtu wa nyuma akauliza, "Huzuni ya nini?" Wala hakuwa akidhihaki.

"Sijui," alisema Raheli. "Daktari naye hajui."

Mchana huo huo Selina aliachiwa, na kufuli likavunjwa. Kamati ilibaki darasani kwa saa nzima, kisha Mzee Timotheo akatoka kumwambia uamuzi, kofia mkononi. Alisema naye polepole mno, kila neno peke yake, kama anavyosemeshwa mgonjwa wa homa kali. Wamemshukuru. Wamempa pole. Kwa ajili ya afya yake, mkuu atakuwa Selina, na yeye Raheli atapokea maziwa dirishani asubuhi, kazi nyepesi. "Upumzike, mama."

"Mimi si mgonjwa sasa, mzee. Nikinywa dawa mimi ni mzima."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Mzee Timotheo. "Upumzike."

Bwana Abdallah alimngoja kando ya gari. "Ungeniambia tu, mama. Ningekula bila kuuliza."

"Na kazi ungeniacha nayo?"

Aliufungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua tena.

Selina alikuja nyumbani jioni, ameoga, amebadilisha kanga. Raheli alimwamkia akaitikiwa, kisha akapiga magoti kumwomba msamaha. Selina akamvuta juu. "Mwanzoni nilidhani una mimba," alisema. "Halafu nikaona unavyolitema mferejini, nikadhani unaliona jibini langu chafu. Ungeniambia, Raheli. Askari wale wameniuliza siku nne neno moja tu, kwa nini nilitaka kuonja mimi, na sikuwa na la kuwajibu. Nilijua tu kwamba uso wako ulikuwa wa mtu anayesukumwa."

Tangu hapo Raheli alikaa dirishani. Alipima maziwa kwa chupa, akayaonja, maana maziwa alikuwa na ruhusa nayo, akaandika majina. Chumba cha kuivishia kilikuwa hatua ishirini nyuma yake na ufunguo ulining'inia kiunoni mwa Selina. Hakuna aliyemkataza kuingia. Ila kila alipoingia, mtu alipata sababu ya kuingia pia, na kisu kikiwa mkononi mwake mtu alikiomba kwa adabu. Jirani mmoja aliacha kumwachia mtoto. Kila Ijumaa Selina alimjia na maneno yao, hili lina zizi, hili lina kisu, wakashauriana kama zamani. Lakini miezi ilivyokwenda Selina alizidi kuja akiwa amekwisha kuamua, na mara nyingi alikuwa amepatia.

Raheli alikwenda kwa Daktari Vogel akamwuliza, "Nikiacha vidonge, je?"

"Huenda ukabaki ulivyo. Huenda ukarudi ulikokuwa. Siwezi kukudanganya, mama, sijui."

Alifikiri siku ile alivyokaa akiuelekea ukuta, kitambaa kikavu mkononi. Alifikiri ile ladha ya Juni. Akapokea pakiti nyingine akaenda zake, na kila mwezi ikawa hivyo hivyo, swali lile lile njiani na pakiti ile ile wakati wa kurudi.

Vuli ilipoanza, asubuhi moja yenye ukungu, wafugaji wote walipokwisha kupima na kuondoka, alibaki dirishani mwanamke mmoja kijana aitwaye Kuluthumu, aliyekuja na ndoo ndogo. Aliamkia, akaitikiwa, lakini hakuondoka.

"Mama, zile dawa ulizosema mkutanoni," alianza, akiangalia nyuma yake. "Nina dada yangu yuko Mazinde. Tangu mwezi wa Ramadhani kalala. Si homa. Hataki kula, hataki watoto wake. Wamemfanyia kila kitu. Huyo daktari anaona watu siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi. Afike mapema." Raheli aliweka kalamu chini. "Nitakuambia ukweli, usije ukasema sikukwambia. Itamkausha mdomo. Itamfunga choo, ale mapapai. Akiamka asisimame ghafla. Wiki tatu za kwanza ataona haina faida, atataka kuitupa. Asiitupe."

"Lakini atainuka?"

"Mimi nimeinuka."

Kuluthumu alivuta pumzi. Raheli akaegemea dirisha, karibu naye zaidi.

"Anafanya kazi gani, dada yako?"

"Fundi cherehani. Anashona nguo za shule."

Raheli aliikumbuka mistari ya kipimajoto ilivyomchezea machoni, akaliona tundu la sindano. "Basi sikiliza," alisema. "Akiingia kwa daktari, kabla hajataja usingizi, kabla hajataja huzuni, aseme kwanza kwamba anashona. Aseme, na asitoke mle ndani mpaka daktari awe amelisikia hilo."

Kuluthumu alirudia maneno hayo mara mbili ili asiyasahau, akajitwika ndoo yake tupu, akashika njia ya kuteremka.